Mwaka Nilioshindwa Kumlilia Aabo

Kama wewe ni mzazi na una mtoto wa miaka kumi na tano ambaye ameacha kuchana nywele, soma. Kama wewe ndiye huyo mtoto, soma polepole, na ukichoka weka chini. Najua ukurasa mmoja unavyoweza kuwa mrefu. Kuna wakati nilisoma mstari mmoja wa kitabu cha jiografia mara saba na bado sikujua unazungumzia mto gani.

Mimi si daktari. Ugonjwa huu unatoka wapi na unaingilia wapi sitasema, maana wengi walinieleza na hakuna aliyeniponya kwa kunieleza. Nitasema nilivyokaa nao, mabenchi niliyoyakalia, na jinsi baba yangu alivyokufa nikiwa katikati ya ugonjwa huo nikashindwa kumlilia. Hilo la mwisho ndilo lililotaka kuniua, na ndilo lililotaka kunitenga na mama yangu. Mengine yote yanalizunguka hilo.

Nyumbani kwetu ni Kiwanjani, hapa Isiolo. Babu yangu alikuwa askari wa Mwingereza, na kazi ya bunduki ilipokwisha akabaki hapa na wenzake. Watoto wao wakawa watu wa maduka na malori. Baba, ambaye kwa Kisomali nilimwita Aabo, alikuwa na lori moja. Alipandisha unga na sukari hadi Marsabit na Moyale, akashuka na mbuzi. Mungu alimpa yeye na mama mimi peke yangu, na Aabo alipenda kusema kwamba Mungu aliona mmoja wa aina hii anatosha kumaliza nguvu za watu wawili.

Ugonjwa ulinikuta shule ya bweni, upande wa Meru, nikiwa kidato cha pili. Haukuja kwa kishindo. Kwanza chakula kilipoteza ladha, nikamlaumu mpishi. Kisha nikawa naamka kabla ya kengele, nimechoka kuliko nilivyolala. Kisha nikaacha kucheka, na hilo sikuliona mimi, waliliona wenzangu. Tulipofunga shule Desemba nilikuwa nimepungua hata sketi naishika kwa pini mbili, na damu ya mwezi ilikuwa imekata tangu Septemba. Nywele zilibaki kwenye kitana kila nilipozichana, kwa hiyo nikaacha kuzichana. Januari wenzangu walirudi shuleni. Mimi nilibaki kitandani nikiangalia misumari ya mabati, nikirudia wazo moja: mimi ni mzigo kwa watu, ni heri nisingekuwepo. Likiisha, linaanza upya.

Aabo ndiye aliyenipeleka hospitali mara ya kwanza. Benchi la wagonjwa wa nje lilikuwa la saruji, limejengewa ukutani kwenye varanda, na kufikia saa nne jua lilikuwa limelifikia. Tulikaa hapo asubuhi nzima. Aabo hakuwa mtu wa kuuliza una nini. Alinisimulia uongo wa barabarani, kwamba aliwahi kumbeba fisi kutoka Laisamis akidhani ni taniboi wake, yule msaidizi wa lori, aliyejifunika blanketi, na kwamba fisi huyo alishuka kwenye kizuizi cha polisi akaondoka bila kulipa nauli. Zamani ningecheka hadi nishike mbavu. Nilimtazama tu. Yeye akaimaliza hadithi yake yote, hata ile sehemu ya polisi kumwuliza fisi kitambulisho.

Nilipimwa homa, nikapewa vidonge vya malaria. Tulirudi mara tatu, na mara tatu ikawa malaria. Dawa ile iliniwasha mwili mzima hata nikajikuna nikatoka damu. Mara ya tatu Aabo alinunua ndizi mbili nje ya lango, akala moja, akaishika ya pili mkononi hadi tukafika nyumbani, labda ningebadili nia. Wasemao mgonjwa haulizwi uji hawakuwahi kuuguza mtu kama mimi. Niliulizwa uji, ndizi, chai na nyama ya mbuzi, na vyote nikavikataa.

Mwanzo wa Aprili aliniambia, "Wacha nipandishe mzigo huu mmoja tu. Nikirudi tunaenda Meru kwa daktari mkubwa. Hii si malaria, mimi si mjinga."

Mvua ilikuwa imeanza huko juu. Lori lilipinduka kwenye korongo la mchanga, maji yalipokuja ghafla. Taniboi aliokoka. Walimleta Aabo mchana, na kabla ya magharibi alikuwa amezikwa.

Sasa nifike pale ambapo kwa miaka mingi sikutaka kufika. Wanawake walijaa nyumbani, mkeka kwa mkeka, wakifuta macho kwa ncha za shali. Mimi sikulia. Sikujikaza, waliojikaza wana kitu cha kukazia. Nilijua amekufa na nilijua nampenda, lakini nilivijua vyote viwili kwa mbali, kama mtu anavyojua jina la mji mkuu wa nchi ambayo hajawahi kuiona. Nilikaa nikiangalia uzi uliokatika kwenye mkeka, na wazo langu likaendelea na mzunguko wake, sasa likiwa limeongeza kipande: mimi ni mzigo, na hata kulia siwezi. Siku tatu za matanga zikapita hivyo.

Shangazi Kaltuma, dada yake Aabo, alinichunguza siku zote tatu. Ya tatu alimwambia mama bila kushusha sauti, "Mtoto wa kumzaa mwenyewe, na jicho kavu."

Watu walipoondoka mama alikuja akakaa mbele yangu, tayari amevaa nguo nyeupe za eda. Mama huzungumza nami Kisomali, Kiswahili chake ni cha kuvunjika, kwa hiyo maneno yake kwangu nayaandika hapa kwa Kiswahili changu.

"Safia," akasema, "alikubeba mgongoni hadi ukawa na miaka sita. Hata chozi moja?"

Nilirudi kuutazama uzi wa mkeka. Aliinuka. Tangu siku hiyo alinilisha, alinifulia, alinisuka nywele zilizobaki, lakini hakuniangalia tena machoni.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hajipambi, havai rangi, hatoki nyumbani bila dharura. Msichana aliyelala kitandani bila kutapika wala kutetemeka hakuonekana dharura kwa mtu yeyote, hata kwangu mwenyewe, kwa hiyo hospitali ikangoja. Na ndani ya miezi hiyo mama alifanya kosa ambalo watu wetu hulifanya kwa mapenzi: aliinyamazisha nyumba. Kwetu nyumba ya msiba haipigi redio, na mgonjwa hapigiwi kelele, nasi tulikuwa na vyote viwili chini ya bati moja. Redio ya Aabo ilifungwa kitambaa ikawekwa juu ya kabati. Mbuzi wetu watatu wa maziwa walipelekwa kwa jamaa upande wa Leparua. Watoto wa jirani walifukuzwa ukutani. Kahawa ilikwenda kutwangwa nyumba ya tatu. Wageni waliingia wakinong'ona, wakatoka wakinong'ona, na mama akawasindikiza kwa ishara za mkono. Upepo wa Julai ulipoanza kutikisa mabati, alipanda ngazi mwenyewe na nguo zake nyeupe, akapanga mawe juu ya paa ili mabati yasipige kelele. Nilimwona kupitia dirishani. Nilijua anafanya kwa ajili yangu, na sikuhisi chochote.

Katika ukimya huo wazo langu lilinenepa. Halikuwa na mshindani. Asubuhi hadi jioni hapakuwa na kitu kingine cha kusikiliza, nami nikawa nalisikiliza kwa adabu zote.

Nje ya ua tulisema nina ugonjwa wa ini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo tuliijua sote, lakini kuna maradhi ambayo watu huona ni afadhali kifo kuliko jirani kujua. Shangazi Kaltuma, ambaye alikuwa na hakika ni jini, alimleta sheikh. Alikuwa mzee mwenye kikohozi, na mkono wake kichwani pangu ulikuwa mwepesi. Alinisomea, akaniandikia kombe, aya za Kurani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, nikayanywa. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu aliacha kusoma akaniuliza maswali mawili au matatu ya kawaida, kama nalala, kama nakula, kisha akazungumza na mama kupitia pazia la mlango.

"Huyu hana jini," akasema. "Nitaendelea kumsomea, kusoma hakudhuru. Lakini eda ikiisha mpeleke hospitali. Na Kaltuma aache kumtisha mtoto."

Ilikuwa rehema yangu ya kwanza mwaka ule, ingawa wakati huo sikuitambua.

Eda iliisha mwishoni mwa Agosti, vumbi likiwa kila mahali. Mama alioga, akavaa nguo ya rangi ya kahawia, akaanza kuuza maziwa ya ngamia kwa sababu lori halikuwepo tena. Wiki ya pili alinipeleka hospitali. Safari hii tulielekezwa nyuma, kwenye chumba kati ya stoo ya magodoro na jiko, ambako muuguzi wa magonjwa ya akili alikuja kutoka Meru Jumanne moja kila wiki mbili. Benchi la huko lilikuwa la mbao na halikuwa na jua. Kila aliyekaa alijifunika leso au shali usoni. Mama aligeuka kabisa akatazama ukuta. Tulikaa hivyo, wagonjwa na wauguzaji, tukisubiri kuitwa na kuogopa kuitwa kwa majina yetu kamili.

Muuguzi aliitwa Sista Karimi. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, viatu vyake vimelika upande mmoja. Hakunipima homa.

"Safia, nitakuuliza swali mbaya," akasema. "Ukiwa peke yako, unafikiria kufa?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilishangaa jinsi jibu lilivyokuwa karibu. "Ndiyo," nikasema.

Mama aligeuka. "Sista, mtoto hii nasema nini?"

"Anasema ukweli, mama. Mshukuru."

Mama hakunishukuru. Lakini jioni ile alihamisha mkeka wake akautandika mlangoni pa chumba changu, na hapo alilala hadi mwaka uliofuata. Hatukuwahi kulizungumza. Nawaambia wazazi: ulizeni swali hilo. Kuuliza hakumpi mtoto wazo ambalo tayari anaishi nalo, na jibu likiwa ndiyo, msimwache peke yake.

Nilipewa vidonge vidogo vya manjano. Mdomo ulikauka hata ulimi ukashikana na meno. Choo kikawa kazi ya nusu siku. Mikono ilitetemeka, nikamwaga chai mbele za wageni. Kufikia mvua za Novemba nilikuwa nimenenepa, sketi ya pini mbili haifungi, na majirani wakamsifu mama kwamba ini limepona. Usingizi ulirudi, damu ya mwezi ikarudi. Nilimwuliza Sista kama vidonge vitaniletea machozi pia, kisha nikamweleza habari ya Aabo, yote, na jicho langu kavu.

"Machozi haina kidonge," Sista akasema. "Lakini kuna kitu tunaweza kujaribu. Wewe unaishi ndani ya kichwa tu. Masikio yako hayajatoka nje mwaka mzima. Tutayafundisha kutoka."

Ndivyo tulivyoanza. Sista alisema alifundishwa mazoezi hayo na mwalimu wake, kwamba si uchawi wala si sala, na kwamba mwanzoni yatanichosha kuliko kuchota maji. Nilitakiwa kukaa, macho wazi, nitazame mahali pamoja ukutani. Kisha niisikilize sauti moja, moja tu: mwiko ukigonga sufuria kule jikoni. Niishike. Halafu niiache niende kwa nyingine: taipureta ya ofisini. Halafu kunguru. Halafu, kila aliposema "hama," nihame, mwiko, kunguru, taipureta, mtu anayekohoa, haraka haraka. Na mwisho nifungue masikio kwa zote pamoja, bila kuchagua. Robo saa, mara mbili kwa siku.

"Na mawazo yakikuja?" nikauliza.

"Yatakuja. Hamkuwa na mbuzi nyumbani?"

"Tulikuwa nao."

"Mbuzi wa jirani akipita katikati ya wako, utamkimbiza mpaka Merti?"

"Hapana."

"Basi. Yeye apite. Wewe angalia wako."

Baada ya wiki mbili nilirudi nikamwambia sikuweza. Aliniuliza ni lipi lililonishinda, nikasema hakuna cha kusikiliza, nyumbani hakuna sauti. Alidhani natania. Akaniuliza nyumba gani isiyo na sauti, nikamweleza redio, mbuzi, kahawa, mawe juu ya bati. Alimwita mama ndani, akamweleza taratibu kwamba ukimya ule haukunisaidia, kwamba nyumba inahitaji kurudi kuwa nyumba.

Uso wa mama ulibadilika. "Sista, mimi nafunga mdomo miezi saba. Mimi nafunga hata bati. Sasa wewe nasema mimi namaliza mtoto?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Wewe nasema."

"Ulimpa ile kitu ulikuwa nayo," Sista akamjibu. "Sasa tunatafuta ingine."

Tulirudi nyumbani mama akitangulia, mimi nyuma yake hatua tano. Mabega yake yalikuwa yakitikisika njia nzima. Alikuwa amenipa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, na mtu mwenye viatu vilivyolika upande alikuwa amemwambia hakikufaa. Nilitaka kumkimbilia nimshike mkono. Nilijua ndicho kinachotakiwa. Miguu iliendelea kwa mwendo uleule.

Redio hakuifungua. Alisema nyumba ya marehemu haiwezi kuimba kabla ya mwaka, watu watasema nini. Lakini asubuhi ya pili alisimama mlangoni akaniambia, "Amka. Tunakwenda kwenye maziwa."

Lilikuwa jambo zito kwake. Pale sokoni kila mtu angeniona, mnene, natetemeka, natazama mahali pamoja, na kisa cha ini kingekwisha. Alinikalisha nyuma yake kwenye debe lililopinduliwa, kati ya mitungi. Maziwa yalishuka na malori kutoka kambi za ngamia, na wanawake waliyapokea mtungi kwa mtungi: wanafungua, wananusa, wanaonja kwa kifuniko, wanakataa au wanakubali, na wakikataa wanakataa kwa sauti. Mimi nilihesabu. Vifuniko. Punda wa maji. Mchuuzi wa miraa akipigana maneno na mteja wake. Muadhini akijaribu kipaza sauti. Wiki ya kwanza sikuweza kukaa na sauti moja hata pumzi kumi. Nilijikuta nimerudi kwenye wazo langu, nalisikiliza, kwa adabu zangu zote. Nikarudi kwenye kifuniko. Nikapotea tena. Nilikwenda nyumbani nikalala na viatu.

Shangazi Kaltuma alipita siku moja akaniona nimekodoa macho, sijibu salamu. Kwake jambo lilikuwa wazi: nilikuwa nasikiliza wasioonekana. Alikaa chini palepale, akanishika sikio, akaanza kunisomea Ayatul Kursiy kwa sauti yake nene, mbele ya wateja wote. Jumanne iliyofuata nilimwuliza Sista nifanye nini akija tena. "Ni sauti nzuri?" akaniuliza. Nikasema ni nzuri. "Basi iweke kwenye orodha yako." Kwa hiyo shangazi alikuja kila Ijumaa kunifukuzia jini, nami nikafanya mazoezi kwa kisomo chake, na sote wawili tukaridhika na kazi yetu. Namkumbuka kwa upendo sasa. Wakati ule sikuwa na upendo wa kumpa.

Usidhani nilipanda ngazi moja moja hadi juu. Februari, jua kali, maziwa machache, nilianguka tena. Siku kumi sikutoka kitandani, na swali lile baya la Sista, kama ningeulizwa, lingepata jibu lilelile. Mama alikaa nami, maziwa yakauzwa na jirani. Siku ya kumi na moja nilirudi kwenye debe kwa sababu tu kukaa huko hakukuniuma zaidi ya kukaa nyumbani. Machi Sista Karimi aliniambia amehamishwa, mbali, upande wa ziwa. Alinishika mikono yote miwili. Alisema niendelee hata siku nisizoona faida, hasa siku hizo. Sikumlilia yeye pia. Hatukuonana tena, na kama yuko hai angependa kujua mwisho wa habari hii, lakini sikumwandikia nilipoweza, na sasa sijui nimwandikie wapi.

Aprili ikatimiza mwaka wa Aabo. Kisomo kilifanyika, mbuzi akachinjwa, redio ikashushwa kabatini. Nilikaa kati ya wanawake, jicho kavu, kama mwaka uliopita. Mama aligawa pilau. Aliponifikia aliweka sahani mbele yangu huku ametazama kando.

Watu huniuliza, wale wachache wanaojua, kama mazoezi yale yanaponya. Sijui. Najua wengine waliyafanya yakawasaidia kidogo, wengine hayakuwasaidia, na wengine walihitaji vidonge zaidi au muda zaidi. Mimi hata leo, mwalimu wa watoto wadogo, mwenye mume na mwenye mimba ya pili, kuna asubuhi wazo langu la zamani linakuja kukaa ukingoni mwa kitanda. Halijafa. Silikimbizi. Naomba tu usije ukamwambia mtoto wako ajikaze, wala ukapima mapenzi yake kwa machozi yake, maana kuna mwaka ambapo mtoto anaweza kukupenda kwa moyo wote na moyo wenyewe usimfikie.

Ilikuwa Mei, wiki chache baada ya kisomo. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, maziwa tele, soko limejaa watu. Nilikuwa nimefika sehemu ya tatu, ya kufungua masikio kwa zote pamoja. Mchinjaji alikuwa akinoa kisu. Wanaume wawili waligombana kwa Kiborana juu ya kamba. Mtu alikuwa akipiga msumari kwenye bati. Na katikati ya hayo yote kulikuwa na mwanamke anayeita, "Maziwa! Maziwa ya ngamia!" Sauti ilikuwa kavu, imepasuka katikati. Nilijiuliza ni ya nani. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni ya mama.

Mama niliyemjua hakuwa na sauti ile. Alikuwa mtu wa kuongea chini, kwa sababu ndani ya nyumba kulikuwa na mtu wa kumsikia. Akitaja chumvi, Aabo alikuwa ameshainuka. Sasa aliwapigia kelele watu wasiomjua. Alikuwa amekaa mbele yangu miezi sita, hatua mbili, akiita hivyo kila siku, nami sikuwa nimemsikia. Kila alipomaliza kuita alinyamaza kidogo, akageuza kichwa upande, ile namna yake ya zamani ya kungoja kuitikiwa. Kisha aliita tena. Hakuna aliyemwitikia, na hakuna ambaye angemwitikia.

Chozi la kwanza nilidhani ni jasho. Nililifuta. Kisha yakaja mengine, na nikasikia mlio unatoka kifuani mwangu ambao sikuujua. Nilimlilia Aabo pale juu ya debe, mbele ya soko zima. Nilimlilia na fisi wake, na ndizi aliyoishika mkononi, na Meru ambako hatukufika. Iliuma kuliko ugonjwa wote. Nataka ulijue hilo ewe unayengoja kupona: kwangu kupona kulianza kwa kuumia.

Mama aligeuka. Aliniangalia machoni, kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na mitatu, na hakuondoa macho upesi. Kisha alivua shali yake akanifunika nayo kichwa na mabega, nisionekane, akaniacha nilie, akarudi kwenye mitungi. Mwanamke wa Kimeru alikuwa amesimama na chupa yake, akinitazama.

"Mama Safia, msichana ako na nini?"

Mama alichota maziwa kwa kikombe cha bati.

"Baba yake nakufa."

"Woi. Pole sana, mama. Amekufa lini?"

"Leo," mama akasema, akamjazia chupa.